Baiskeli ya mikono, kiti cha basketi au mashine ya fundi: pesa inatosha kitu kimoja tu

Kikundi chetu cha watu wenye ulemavu hapa Busia (Busia ya Uganda, msitutafute ng'ambo Kenya) kimepata pesa ya kununua kitu kimoja cha mazoezi. Kimoja. Jumapili mbili tumebishana hadi chai ikapoa. Vijana wanataka kiti cha basketi, wilchea ya kuchezea, kwasababu wameona kwenye simu jamaa wanagongana viti, mtu anapinduka, anainuka anacheka. Wazee wanataka baiskeli ya mikono, ile wanaijua, posho ya watoto wao imetoka humo. Vijana wengine wawili wakaleta habari ya gemu za kwenye TV. Alafu mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, sasa hicho kitu kitalala wapi? Hakuna aliyemjibu. Mimi ninayetumia mashine ya fundi, pedeli ya kuzungusha kwa mikono, nikapewa kazi ya kuandika ulinganisho kwasababu vyote nimevipitia, vingine kwa wiki moja tu, vingine miaka.

Mnijue kwanza ili msinifuate kipofu. Niko kwenye wilchea mwaka wa tisa, uti wa mgongo uliumia chini kidogo ya kifua kwenye ajali ya boda. Mikono iko sawa, tumbo lina nguvu nusu nusu, miguu ilishastaafu. Mtu wa polio ambaye anahisi ngozi yake na anaweza kuruka kutoka kiti hadi sakafuni kwa mikono hatachagua kama mimi, na mtu ambaye vidole havishiki hatachagua kama sisi wote wawili.

Kingine kabla ya mashine. Watu wanadhani mazoezi ni mpaka ufe. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020 inasema mtu mzima mwenye ulemavu alenge dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na watu wengine tu, ila inasema pia kidogo ni bora kuliko sifuri. Kwa sisi wa uti wa mgongo kuna mwongozo wa kimataifa uliotoka 2018 unaosema kuanzia dakika 20 za kutoa jasho mara mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili. Dakika 40 za kuhema kwa wiki nzima jamani, foleni ya bomba tu inakula zaidi ya hapo. Kwahiyo shida yetu hapa haijawahi kuwa dakika, shida ni kwamba wiki ya kwanza tunaenda wote, wiki ya nne wamebaki watatu, wiki ya kumi ile mashine wameanika nguo juu yake. Ndio maana mimi kila kitu nakipima kwa swali moja: wiki ya kumi, siku ambayo hakuna mtu nyumbani, nani atakupandisha?

Tuanze na baiskeli ya mikono, tuwape wazee heshima yao. Mjomba wangu alikuwa na polio na alivusha mizigo hapa mpakani kwa baiskeli ya magurudumu matatu miaka mingi sana, pedeli iko mbele ya kifua, cheni inashuka kwenye gurudumu la mbele, unapiga mikono na kukata kona kwa hicho hicho unachozungusha. Kiganja chake kilikuwa kama soli ya ndala. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nasukuma kwa nyuma kwenye kilima alafu napewa mandazi, na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja nitamuomba anifundishe.

Uzuri wake ni kwamba haikuombi muda wa mazoezi. Unaenda sokoni, umeshafanya. Na bega linaumia kidogo kuliko unavyosukuma duara la wilchea, kwasababu kwenye pedeli mkono hauachii, nguvu inaenda mzunguko mzima, wakati kwenye wilchea unashika unasukuma unaachia, unashika unasukuma unaachia, maelfu ya mara kwa siku, na pigo lote linaingia begani. Watu wengi wa wilchea mabega huisha kabla ya kitu kingine chochote. Spea nazo ni za baiskeli ya kawaida, cheni, tairi, spoku, kila kona kuna fundi.

Ubaya wake sasa. Nyingi zinazotembea hapa zina giya moja, kwahiyo tambarare unapiga hewa na kilimani unakufa. Kiti kiko juu na kuna bomba la fremu katikati, mtu wa polio anajirusha lakini mimi nilihitaji ndugu yangu anibebe kila siku, na ndugu yangu ana kazi. Haiingii ndani. Mvua za Aprili zikianza na lami ikaisha unabaki umekaa unatazama tope. Alafu mazoezi ya mjomba hayakuwa mazoezi, ilikuwa kazi, magunia mgongoni kwa baiskeli, na bega la kulia liliisha kabisa, mwishoni alikuwa anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Ukiinunua kwa afya usiigeuze gari la mizigo. Najua mtaigeuza tu.

Baiskeli hiyo ina ndugu anayestahili kutajwa hapa, kile kiti cha nyenzo mbili alichotengeneza Amos Winter na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, wazo lilianza baada ya yeye kwenda Tanzania mwaka 2005 akaona barabara zetu. Unasukuma vyuma viwili badala ya duara. Ukishika wenzo juu unapata nguvu ya kilima, ukishika chini unapata kasi, yaani mkono wako ndio giya, na sehemu zake nyingi ni za baiskeli. Ukizichomoa hizo nyenzo kinabaki wilchea, kinaingia ndani. Kwa ubunifu mimi nakipenda kuliko vyote vilivyomo humu. Kukipata Busia ndio hadithi nyingine, kwahiyo nakiacha.

Kiti cha basketi. Vijana msinune, nawaelewa. Nilikaa kwenye kimoja Kampala, uwanja wa ndani, sakafu laini, nikapiga mikono mara mbili tu kikaenda kama nimesukumwa na mtu, nikageuka hapo hapo kama sarafu. Hiyo ni kwasababu magurudumu yamelala, juu yamekaribiana chini yametanuka, kiti hakipinduki kwa pembeni na kinageuka haraka. Nyuma kuna kagurudumu kadogo kanakuzuia usianguke chali, mbele kuna chuma cha kupokea migongano, na wewe umefungwa mikanda miguu na kiuno hadi kiti kinakuwa suruali. Na mchezo wenyewe una akili: kila mchezaji anapewa pointi kuanzia 1.0 kwa mwenye ulemavu mzito mpaka 4.5 kwa mwenye mwepesi, na watano walioko uwanjani jumla isizidi 14. Maana yake timu inamhitaji yule mwenye mwili dhaifu, bila yeye hesabu haikai. Ring iko juu mita 3.05 ile ile ya wanaosimama.

Lakini angalia sasa. Kiti hakina breki wala vishikio vya nyuma, kwahiyo ukitaka kuhamia humo kutoka kiti chako kinakimbia, lazima mtu akishike. Swali langu la wiki ya kumi limeshajibiwa hapo. Chini kimetanuka mno kwa milango yetu mingi. Taxi haikichukui bila kung'oa magurudumu na kulipia siti ya pili. Kipya nje mara nyingi ni dola elfu mbili na kwenda juu kabla ya usafiri. Tairi zake ni nyembamba za presha kubwa na hapa kwetu miiba ni mingi kuliko sakafu laini. Na kubwa kuliko hayo, kiti kimoja hakichezi. Basketi ni watu kumi. Kununua kiti kimoja cha basketi ni sawa na kununua kiatu kimoja, ni kizuri, kinang'aa, utakipeleka wapi?

Kama kinachowauma vijana ni timu, na nadhani ndicho, basi voliboli ya kukaa sakafuni. Uwanja ni mita 10 kwa 6, neti ya wanaume iko mita 1.15 na ya wanawake 1.05, mpira mmoja, hakuna kiti chochote. Polio na waliokatwa miguu wataifurahia. Mimi na wenzangu tusiohisi makalio tunaikwepa, kujikokota sakafuni kunatoboa ngozi na unakuja kugundua usiku, na kidonda cha kukalia kinaweza kukulaza miezi. Sisi tutahesabu pointi na kupiga kelele.

Kitu kimoja huwa nakiwaza nikitazama wanamichezo wetu wa Paralimpiki. David Emong alileta medali ya fedha ya mbio za mita 1500 kutoka Rio 2016 na shaba Tokyo, Husnah Kukundakwe alienda Tokyo kuogelea akiwa na miaka 14. Mmoja anahitaji viatu, mwingine anahitaji bwawa. Mimi naona mkono wa bei ya vifaa hapo, sidhani ni bahati tu. Serikali ilishaidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 30 humo kinataja michezo na burudani wazi wazi, lakini kifungu hakina magurudumu.

Haya, mashine ya fundi. Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndiyo ninayoitumia na nimeikosea mara mbili kabla ya kuipata.

Ni pedeli ya baiskeli iliyopandishwa juu, unakaa mbele yake kwenye kiti chako mwenyewe, unazungusha kwa mikono. Basi. Za dukani zipo, vile vidude vidogo vya kuweka juu ya meza, ni rahisi kwa bei lakini vyepesi, ukianza kuzungusha kwa nguvu vinatembea juu ya meza kama kuku, na kile kinobu cha kukaza kinapata moto na kulegea. Za hospitali ni nzuri ila tusiongelee bei. Ya fundi unachukua fremu ya baiskeli kuukuu, zile nzito za mizigo, unakata ile sehemu ya pedeli na ekseli yake, unaichomelea kwenye nguzo ya bomba, chini unamwaga zege kwenye karai la zamani ili isiondoke. Cheni inaenda kwenye gurudumu la nyuma lililovuliwa tairi. Juu ya riimu unapitisha mkanda wa ngozi, upande mmoja umefungwa kwenye fremu, upande mwingine unaning'inia chupa ya maji. Lita moja ni kilo moja. Leo chupa nusu, mwezi ujao chupa nzima, mizani yako ni maji, na hiyo ni kanuni ile ile ya mashine za kupimia wanariadha maabara, mkanda na uzito.

Kosa langu la kwanza lilikuwa urefu. Fundi alipima kwa macho akaweka ekseli usawa wa tumbo, nikizungusha vyuma vinapiga mapaja, na kwa vile sihisi mapaja niligundua nilipoona suruali imechanika na ngozi chini yake imechubuka. Ekseli ya pedeli iwe usawa wa bega au chini yake kidogo tu, ipimwe ukiwa umekaa kwenye kiti chako na mto wako, sio kwenye stuli ya fundi. Pedeli ikiwa mbali kabisa kiwiko kibaki kimekunjika kidogo.

Kosa la pili, urefu wa mkono wa pedeli. Wa baiskeli ni kama sentimita 17, umetengenezwa kwa mguu. Kwa mikono ni mrefu, juu unainua bega mpaka sikioni. Nikamwambia fundi atoboe tundu jipya kwenye sentimita 12 au 13. Akatoboa, akachonga hesi pande zote mbili sawa, na baada ya siku tatu pedeli ya kushoto ikajifungua yenyewe ikaniangukia, kwasababu pedeli ya kushoto ya baiskeli hesi yake ni ya kinyume, na yeye anajua hivyo tangu azaliwe, ila siku hiyo aliona ni mashine tu sio baiskeli. Tukaachana na pedeli, tukachomelea bolti nene pande zote na juu yake kipande cha bomba la maji la plastiki kinachozunguka. Kinatosha, na kikichakaa nakata kingine.

Mengine madogo ambayo hayako kwenye mashine ya duka lolote. Vishikio viwili unaweza kuvipanga vipishane kama miguu au viende pamoja, na kama tumbo lako halina nguvu viende pamoja, vikipishana mwili unayumba kama mlevi. Mwambie fundi ageuze mkono mmoja tu wa pedeli. Gurudumu liwe na friwili, ile inayoacha gurudumu lizunguke pedeli ikiwa imesimama, usikubali lililofungwa, kwasababu mikono ikisimama na riimu nzito bado inazunguka itakung'oa bega. Friwili ina shida yake, ukizungusha kinyume ni tupu, na sisi watu wa wilchea tunataka sana kuzungusha kinyume maana kutwa tunasukuma mbele tu. Dawa yake nilikuja kuiona siku nimepanga mashine vibaya chumbani: hamia upande wa pili ukae unatazama ulipotoka, ile ile mbele ya mashine sasa ni nyuma yako. Dakika 10 huku, dakika 10 kule. Kwa wasioshika na vidole, funga mkono kwenye kishikio kwa ukanda wa tyubu, lakini fundo liwe la kuvuta mara moja kwa meno. Na funika cheni, jamani, leso na vidole vya watoto.

Usiamini saa ya mkononi ikikwambia moyo wako uko chini hujafanya kazi. Walioumia juu, kifua cha juu au shingo, moyo haupandi kama wa wengine hata wakifa kwa kuhema, kwahiyo tumia mdomo: ukiweza kuongea lakini kuimba hakuwezekani uko sawa. Hao hao hawatoi jasho chini ya walipoumia, na joto letu hapa mnalijua, waweke maji ya kunyunyiza na wasikae juani. Wakipata kichwa kinachogonga ghafla na uso kuloa jasho wasimame hapo hapo, wakae wima, waangalie mpira wa mkojo kama umekunjika, waende hospitali kama hakipoi. Hiyo sio uchovu.

Ubaya wa mashine ya fundi upo pia, sitaki mseme nauza. Inachosha akili. Unatazama ukuta. Redio inasaidia, mpira wa Jumamosi unasaidia zaidi. Na haikupeleki popote, dakika 20 zikiisha bado uko pale pale unatazama ukuta ule ule.

Gemu ndizo zinadai kuponya hilo. Wazo sio jipya wala baya, wabunifu Marekani walishaunganisha mashine ya mikono na gemu ya magari, unazungusha ndio gari linaenda. Saa ya Apple tangu 2016 inahesabu misukumo ya wilchea badala ya hatua. Microsoft walitoa mwaka 2018 kile kidhibiti cha mashine yao ya gemu ya Xbox chenye vitufe viwili vikubwa na matundu 19 nyuma ya kuchomeka swichi za mguu, kidevu, chochote, kilitoka kwa dola 99.99, na kwa mtu ambaye hajawahi kucheza na ndugu zake hicho ni kitu kikubwa sana. Ila kinakufungulia mlango wa kucheza, hakikutoi jasho. Na gemu nyingi za kamera zinatafuta miguu yako kwanza, zikiikosa zinakwambia usogee zikuone vizuri. Asante. Ongeza TV, intaneti na umeme unaokatika saa ya mazoezi. Kwa nyumba ya mtu mwenye uwezo, sawa. Kwa kikundi, hapana.

Sasa upande kwa upande, kwa mtu na mtu. Kama una polio, mabega mazima na barabara ya lami mlangoni, chukua baiskeli na usibebe magunia. Kama unakaa karibu na uwanja wa ndani wenye timu tayari, Kampala kwa mfano, nenda kwenye timu usinunue kiti, kaa kwenye cha kwao. Kama umeumia uti wa mgongo, unaishi na watu wanaoshinda kazini, au mvua inakufungia ndani, mashine ya fundi, na hapo hakuna wa kukupandisha maana hupandi popote, unasogea tu mbele yake na kufunga breki. Kama una mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hata usisome juu, tafuta bocha, mipira laini ya kutupa karibu na mpira mweupe, na asiyeweza kutupa anaachia mpira kwenye gata ya bati iliyoegemezwa mapajani. Wasioona wana goliboli yao ya mpira wa kengele, na kamba ya kushikana mkono na mwenzako mkakimbie asubuhi, hiyo bei yake ni kamba.

Na lolote mtakalonunua, kabla ya kulipa ng'oa beringi moja mkampelekee muuza spea hapa mjini. Akisema hana, na wa pili akisema hana, mmeshajua mwisho wake.

Jumapili kura yangu ni mashine za fundi, kwa wingi, maana pesa ya kiti kimoja cha basketi inatoa kadhaa na tunaweza kuzipanga zikitazamana ili tutukanane badala ya kutazama ukuta. Wazee najua watanipinga. Yule mama wa kuuliza italala wapi, nimepita jana stoo ya kanisa, mlango ni sentimita 76, karai la zege linapita, baiskeli ya mikono haipiti. Ufunguo anao mzee wa kanisa, na ameniambia ataacha wa pili kwa mama wa duka la jirani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.